Mama Fomu na daktari asiyefiwa

Saa mbili na robo asubuhi. Mama Fomu anaweka rula juu ya karatasi na kuishusha mstari baada ya mstari, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali. Kompyuta iko wazi mbele yake, lakini hajagusa kitufe hata kimoja. Kwanza anasoma. Akifika mwisho wa ukurasa, anaurudia kutoka chini kwenda juu.

“Ukisoma kutoka juu, unaona kile mwandishi alichotaka uone,” anasema bila kuinua macho. “Ukianzia chini, unamkuta hajajiandaa.”

Mama huyu wa miaka hamsini na saba ni karani wa daftari katika chama cha madaktari bingwa wa upasuaji wa moyo na kifua. Ofisi yake ni chumba kimoja mwishoni mwa korido ya ghorofa ya tatu, chenye makabati manne ya chuma na dirisha linalotazama ukuta. Kila mwanachama akimpasua mtu moyo au mapafu, hujaza fomu ya kurasa mbili na kuituma hapo. Jina la Mama Fomu amepewa na madaktari wenyewe, na wengine hawalijui lake halisi.

Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na mmoja, kwa mkataba wa miezi sita sita. Maana yake ni kwamba amekwisha kuomba kazi ileile mara ishirini na mbili. Mumewe, fundi wa majokofu, husema kwamba mkewe ni mgeni wa kudumu.

Katika fomu zote, mstari anaouangalia kuliko mingine ni wa mwisho: hali ya mgonjwa siku ya thelathini baada ya upasuaji. Hai, au amefariki.

Machale yalimcheza mwaka juzi. Alikuwa akikusanya fomu za daktari mmoja anayeheshimika sana, mtu mpole ambaye vijana wengi wa fani hiyo wamepitia mikononi mwake. Kwa miaka mitatu alikuwa amefanya upasuaji mara sitini na moja. Hakuna aliyekufa.

Mtu mwingine angepiga makofi. Mama Fomu alifunga mlango.

“Mimi si daktari. Lakini moyo nimeuandika miaka mingi, naujua. Haumheshimu mtu kiasi hicho.”

Akazitoa fomu zote sitini na moja, akazipanga mezani. Wengi walikuwa wazee, wengine wameletwa wakiwa hoi. Wote waliandikwa hai kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Akachukua kalenda. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wameonwa kliniki siku ya Jumapili, na barua za hospitali ya daktari huyo zilisema juu kabisa kwamba kliniki hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa.

Alipeleka neno kwa katibu wa chama, naye pia daktari wa kifua. Katibu alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamwambia kwamba kazi yake ni kuingiza fomu, si kuzihoji. Wiki hiyohiyo kufuli la kabati la tatu likabadilishwa bila yeye kuambiwa. Ndani ya kabati hilo ndimo zilimokuwa fomu zile.

“Wapasuaji ni ndugu,” anasema. “Mmoja akikohoa, wote wanashika kifua. Nikajua hapa nafunikiwa kitu.”

Kuanzia hapo aliacha kuamini hata salamu. Mhasibu alipoacha kula naye mchana, alihesabu siku. Katibu alipomletea maua siku ya kuzaliwa kwake, aliyapeleka dirishani na kuyachunguza.

Kilichofungua njia ni kasoro ndogo, aliyoiona kwenye nakala za fomu zile zilizobaki kwenye kompyuta yake. Fomu moja, ya mama aliyebadilishiwa vali ya moyo, haikuwa na mwaka wa kuzaliwa. Kwa jambo la namna hiyo karani anaruhusiwa kuwapigia jamaa wa mgonjwa. Akapiga. Simu akaipokea mume wa mgonjwa.

Alijitambulisha, akaeleza kwamba anaomba mwaka aliozaliwa mke wake ili akamilishe kumbukumbu.

“Dada yangu,” yule mwanamume akasema, “marehemu unamtakia umri wa nini?”

Mkewe alikuwa amefariki siku ya kumi na tisa. Kidonda kilipoanza kutoa usaha, hospitali iliwapa gari la wagonjwa na kuwapeleka hospitali nyingine, kwa maelezo kwamba ni karibu na kwao. Huko ndiko alikokata roho. Fomu iliyokuwa mbele ya Mama Fomu ilisema kwamba siku ya thelathini alikuja kliniki kwa miguu yake, anaendelea vizuri.

“Nilimpa pole. Sikuwa na kingine.”

Fomu nyingine tisa za daktari huyo zilikuwa na mapengo madogo. Alizipigia familia zote tisa. Wagonjwa watatu walikuwa wamezikwa, na wote watatu walihamishwa kabla ya kufa.

Nyumbani, mumewe alimsihi aache. Walikuwa na binti chuoni na mkataba ulikuwa umebakiza wiki tano. “Mke wangu, usikitie mchanga kitumbua chetu,” alimwambia. Mama Fomu anakiri kwamba alilala na maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu aliandika barua, akampelekea mwenyekiti mkononi, kwa kuwa yeye hakumwamini katibu hata kwa bahasha.

Baada ya siku kumi na sita akaitwa kwenye chumba cha mikutano. Viongozi wa chama walikuwa saba, na daktari mwenyewe alikaa mwisho wa meza. Hakufoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wagonjwa wale walikuwa hai walipotoka kwake.

“Daktari, fomu haiulizi mlangoni,” Mama Fomu akamjibu. “Inauliza siku ya thelathini.”

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba alianza kwa kumwandika hai mmoja aliyekufa, na baada ya hapo akashindwa kuwa mtu anayefiwa.

Chama kilifuatilia wagonjwa wote sitini na mmoja. Waliofariki walikuwa wanane. Jambo linalomuuma karani huyu hadi leo ni kwamba idadi hiyo haikuwa ya aibu; wanachama wengine wanaopokea wagonjwa mahututi kama wa daktari huyo wana idadi inayokaribia hiyo. “Angesema kweli, angekuwa kama wenzake. Na wenzake wangemuuliza mapema kuhusu vidonda vinavyotunga usaha, pengine wawili watatu wangekuwa hai. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kiliwaanza wengine.”

Daktari huyo sasa hapasui bila mwenzake kusimama kando. Familia zote nane zimeandikiwa barua.

Na lile kufuli? Katibu anasema ufunguo wa zamani ulikatikia ndani, na risiti ya fundi ipo. Mama Fomu ameiona risiti. Anasema inaonekana ni ya kweli.

Mwezi ujao atasimama mbele ya mkutano mkuu wa chama kwa mara ya kwanza. Ataomba jambo moja: siku ya thelathini, simu kwa familia ipigwe na ofisi yake, si na hospitali iliyopasua. Hotuba yake ni nusu ukurasa. Ameisoma mbele ya mumewe, ambaye safari hii hakusema habari za kitumbua.

“Wakikubali, nitakwenda nyumbani nikapumzike,” anasema, akisogeza rula kwenye fomu inayofuata. “Wakikataa, nitabaki. Nitataka kujua ni nani aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kupinga.”