Niliposema Breki Imekaza

Mafuta ya breki yana harufu kali yenye utamu kwa mbali, na msimu ule wa masika nyumba yetu ya Mbezi Luis ilinuka hivyo hadi kwenye mapazia, kwa sababu ya nguo na mikono ya baba. Baba, karani wa ofisi ya kutoa mizigo kule Kurasini, alirithi kwa babu gari dogo lililomzidi umri, na breki zake zilikuwa zimeanza kumsumbua. Siku nyingine zilishika vizuri. Siku nyingine pedali ilishuka hadi karibu na sakafu. Alipapasa mabomba yote akitafuta unyevu, hakuona hata tone. Mama akagoma kupanda, akisema amechoka kushuka kilima cha mtaani kwetu roho ikiwa mkononi.

Jumamosi moja baba aliamua kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba. Mimi, mtoto wa miaka kumi, nilikaa kwenye usukani; yeye akalala chini kando ya gurudumu na spana yake. “Pampu! Shikilia!” Anafungua nati, hewa inabubujika kwenye chupa, anafunga. Tulizunguka magurudumu yote manne hadi mguu wangu ukawa unatetemeka. Mwisho akaniambia nikanyage nisiachie. Pedali ilikaza kama jiwe. Kisha, taratibu sana, nikaihisi inashuka chini ya unyayo wangu.

“Imekaza, Joyce?” Alikuwa amenyanyuka, shati limelowa jasho, anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Nikajiambia labda ni mguu wangu uliochoka.

“Imekaza, baba.”

Akaingia mwenyewe, akakanyaga mara moja kwa nguvu, akaachia, akacheka.

Jumapili mama alikubali kupanda twende kanisani, mdogo wangu akiwa mapajani mwake. Katikati ya mteremko tukakuta foleni. Baba akasimama, mguu juu ya breki, na mimi sikuuondolea macho ule mguu. Mbele yetu mwanamke alikuwa akivusha watoto wawili. Gari likaanza kusogea lenyewe.

“Yesu wangu!” mama akapiga kelele. Baba akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Tulisimama bampa likikaribia kugusa gauni la yule mwanamke.

Nikaangua kilio. “Jana ilikuwa inazama, baba. Nilikudanganya.”

Nilingoja kofi. Badala yake akauliza, “Ilizama haraka au polepole?” Nikamwonyesha kwa kiganja, nikikishusha kidogo kidogo.

“Basi ni raba za ndani ya masta, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki,” akasema. “Zimeisha. Mafuta yanapenya humo humo ndani, ndiyo maana sikuona yanapovuja.” Akatuambia tushuke, twende kwa miguu. Hakunipiga, wala hakulisogeza gari hadi fundi alipokuja na raba mpya.

Leo nina gari linalowasha taa likipata hitilafu, na mambo kama haya sihitaji kuyasikiliza kwa unyayo. Baba amezeeka, macho yamefifia, ila usukani bado anaupenda. Mwezi uliopita hakumwona mwendesha baiskeli hadi nilipomshtua. Akaegesha pembeni, akaniuliza kama bado yuko sawa barabarani. Nilitamani sana kumpa jibu alilolitaka.

“Hapana, baba,” nikamwambia.

Akafungua mlango, akazunguka, akangoja nihamie kwenye usukani, akakaa upande wa abiria.