Kura ya Dorotea

Dorotea ni mwanika dagaa. Miaka kumi na minane ameanika mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na chanja zake zote zilikwenda na maji asubuhi ile mlima ulipotumwagia matope, huku kwetu karibu na Nyegezi. Hatukumwona akilia. Kesho yake, darasani tulikohifadhiwa familia kumi na moja, aligeuza ndoo akaipiga kama ngoma, akawaita watoto.

"Haya, majembe juu!"

Basi wakawa wanazoa matope barazani kwa mwendo wa bugobogobo, kama Wasukuma wakilima, wengine wakirusha vijiti na kuvidaka.

Nilikasirika. Mwanangu Wilhelmina, wa miaka saba, alikuwa hajatamka neno tangu tumshushe kutoka juu ya paa. Nikamwambia, "Dorotea, hapa si harusini."

"Mama Wilhelmina, ukitaka walie, walize wewe. Mimi nina ndoo."

Siku ya tisa akaja bwana mmoja mkubwa na mpiga picha wake. Tulitangaziwa analeta unga. Alileta maboksi mawili ya biskuti. Akakuta watoto wanacheza, akakunja uso.

"Waathirika gani hawa? Wanyamazisheni. Wakae chini, waonekane wana huzuni."

Masikio yalipata moto. Waonekane! Mtoto wangu kanyamaza siku tisa, bado anatakiwa kuonekana? Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilitaka wanyamaze, hasira ikazidi.

Dorotea akasimama na ndoo yake. Kwao ni Magu. L na r kwake ni kitu kimoja.

"Mheshimiwa, huzuni tunayo, usitufundishe. Hawa watoto wanataka kura."

Bwana akatabasamu. "Kura bado, mama. Wakati wake ukifika tutakuja kuziomba."

"Wakati wake ni sasa! Tangu asubuhi wamekura uji tu, tena maji matupu!"

Kisha Chenge, mjukuu wa Dorotea, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mheshimiwa, kura yangu na maharage!"

"Yangu na dagaa!"

"Mimi napiga mbili!"

Watoto wakaanguka kwa kicheko, wakagaragara kwenye matope. Katikati ya kelele nikasikia sauti nyembamba, imekwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu:

"Yangu ya ugari."

Nikageuka. Wilhelmina alikuwa anacheka, macho yake kwa Dorotea, si kwangu. Iliniuma. Acha iniume.

Bwana aliondoka na picha zake. Unga hatukuuona siku ile wala wiki ile, na mimi sijamsamehe. Nikachukua chepe, nikaanza kuzoa matope kwa nguvu kama nazoa maneno yake.

"Taratibu," Dorotea akasema, akipiga ndoo. "Unaharibu ngoma, Mama Wilhelmina."

"Mama," mwanangu akasema, "inua juu kwanza."

Nikainua.