Makumbi Yangu Bado Magumu

Enzi zetu pale Galu, mama akikwambia "kafue", huondoki kabla hujauliza: nikafue nini? Nguo zilifuliwa kisimani kwa Bi Mwanamisi. Nazi zilifuliwa uani, juu ya kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa ardhini. Jembe lilifuliwa kwa Mzee Ndaro, nasi tukimvukutia moto. Na makumbi ya nazi yalifuliwa pwani. Wajukuu wangu wanajua kufua kumoja tu, na huko nako wameiachia mashine.

Makumbi tuliyafukia matopeni maji yakipwa, tukayagandamiza kwa mawe. Kila mama aliyajua mawe yake. Miezi ikipita yalitoka meusi, yananuka hata mbwa anakwepa. Basi tunakaa safu, Mejumaa, Fatuma Bakari, Mwanatumu, mimi na dada yangu Mwanakombo, tunayaponda kwa vipande vya miti mpaka yawe nyuzi laini za kusokota kamba. Mwanatumu mvivu! Mama humwuliza, "We Mwanatumu, unayafua au unayabembeleza?"

Kamba hizo ndizo zilizowamba kitanda alichoolewa nacho Mwanakombo. Sasa yuko kwangu Bongwe, hainuki kitandani humo, na kamba zakatika moja moja. Godoro la sponji analikataa, eti lamchoma mgongo. Mjukuu wetu Hamisi akaja na kamba ya naironi.

"Bibi, hii haikatiki milele."

"Milele nitakaa na nani?" Mwanakombo akamjibu. Anataka ya makumbi.

Nikajitwika makumbi hadi Galu. Penye mawe ya mama pana ukuta, na askari, kijana wa bara, mwenye adabu zake: "Shikamoo mama. Hapa haturuhusu takataka."

Takataka! Nikarudi nayo. Nimeyaloweka kwenye pipa nyuma ya choo, maji ya bahari analeta Hamisi kwa bodaboda. Wajukuu wanapita wameziba pua, utadhani wao walizaliwa ndani ya chupa ya manukato.

Kila asubuhi Mwanakombo huniita. "We Salama, yameoza?"

Naenda, nabonyeza. Magumu. "Bado, dada."

Zamani tukishayafukia tulikwenda zetu kucheza mdako, tukayasahau kabisa. Miezi ilikuwa mingi. Siku hizi sijamaliza hata chai nimeshalifunua lile pipa, na jua halijafika utosini nimelifunua tena.