Tabaka Moja

Fundi wetu wa maabara hapa Melbourne hana alama za vidole gumba. Zimefutika kwa miaka ya kubandika na kubandua utepe wa gundi juu ya fuwele nyeusi, mpaka kibaki kipande cha tabaka moja la atomi, chembamba kuliko chochote kinachoshikika. Anapobandua hubana pumzi, nasi tunabana. Kisha huinamia hadubini na kutaja tabaka kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu: "Tano. Mbili. Mbili." Akisema "moja", huzima taa ya chumba kwanza, ndipo awashe leza, maana tabaka moja peke yake ndiyo hung'aa, nyekundu kama kaa la moto. Zikiwa mbili, ni giza tu. Hajakosea bado. Kuna siku hupita kando ya kabati la sampuli, hata halifungui, anasema, "Ile ya tatu imekufa." Tukifungua, kweli, hewa imeshaila, haiwaki tena.

Fergus, mwanafunzi wa uzamivu, alipoteza wiki tatu akipima tabaka mbili akidhani ni moja, kwa kuwa aliona haya kumuuliza fundi. Jana akaamua kumtania.

"Haya mama, na mimi nipime basi. Nina tabaka ngapi?"

"Kaa hapo."

Fundi akamtazama usoni bila kupepesa, pumzi ameibana. Tulianza kucheka.

"Moja," akasema, na mkono wake ukaenda kwenye swichi ya taa.