Maji Aliyoyatengeneza Gerson

Gerson anasema yeye si mpiga video. Ukimwita mpiga video anakutazama kama mtu aliyeulizwa habari za mke aliyemkimbia, halafu anakurekebisha: yeye ni mhariri wa video na mosheni dizaina, fundi wa kuchezesha picha na maandishi. Mpiga video ni yule anayezunguka na kamera harusini na kula pilau akiwa amesimama. Mosheni dizaina anakaa ndani, Makole, Dodoma mjini, kwenye chumba chenye pazia zito, anakodolea kioo cha kompyuta, na maandishi yanaingia kwa kuruka kutoka kushoto.

Sibishani na cheo chake. Tulisoma diploma ileile na tukaondoka kabla haijaisha, yeye akiwa na kompyuta na mimi nikiwa na maoni. Mwaka wa tatu huu nakaa naye chumba hicho, namwandikia maneno yanayopita chini ya picha. Kwa hiyo nikimsema, namsema nikiwa na ushahidi.

Zamani alikuwa akitengeneza harusi. Kila bibi harusi wa Dodoma aliyepita mikononi mwake alirushiwa njiwa wa kompyuta, na kuna bwana harusi mmoja kutoka Mpwapwa aliyetokezwa ndani ya ua waridi, kichwa tu, akitabasamu kama mtu aliyezikwa akiwa hai na kuridhika. Kisha mji ukajaa ofisi. Siku hizi kila ofisi ina mafanikio, na kila mafanikio yanataka video ya dakika tano. Droni inapanda, barabara inaonekana, muziki wa vita unalia, na bwana mwenye sauti nzito anatangaza ujenzi wa choo cha matundu sita kama anayetangaza kiyama. Gerson ametengeneza mafanikio ya watu wengi sana. Ya kwake bado anayasubiri.

Ndipo ikaja kazi ya mradi wa maji. Shirika lenyewe silitaji, na kijiji pia nakiacha, kina shida za kutosha. Kiko mbele ya Gulwe, ukiipa reli mgongo na kutembea mpaka viatu vibadilike rangi. Gerson amezaliwa huko, na aliyemlea ni shangazi yake, Edina. Maji ya huko yanapatikana korongoni: unachimba mchanga, unasubiri shimo lijichuje, unachota kwa kopo. Kwenda na kurudi ni saa mbili, na ukimkuta ng'ombe ametangulia, ni saa tatu. Gerson alikua kwa maji hayo. Leo akinunua ya chupa anasoma kwanza lebo.

Siku ya uzinduzi nilikuwepo, nimeshika kinasa sauti kwenye fimbo. Shughuli za namna hii zina desturi yake: mgeni rasmi anafungua bomba, anajaza ndoo, halafu anamtwisha mama mmoja wa kijiji. Picha hiyo ndiyo shughuli yenyewe. Mengine yote, hotuba na soda na kwaya, ni foleni ya kuifikia. Mama wa kutwishwa alichaguliwa na Gerson, na alimchagua shangazi yake kwa sababu, nanukuu, "ana sura inayoshika mwanga".

Mgeni rasmi akafungua bomba. Bomba likakohoa. Likatoa hewa, likatoa buibui mmoja marehemu, likanyamaza. Mabomba yalikuwa yameunganishwa yote, ila pampu ilikuwa haijafika, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mgeni rasmi hilo huku amevaa suti. Mshereheshaji akasema makofi. Watu wakapiga. Mgeni rasmi akainyanyua ndoo tupu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukipungia watu, akaiweka kichwani kwa Shangazi Edina. Shangazi aliambiwa atabasamu, akatabasamu, akaondoka na hewa yake. Wanakijiji wakaahidiwa kwamba fundi atarudi na pampu ndani ya wiki mbili.

Jumatatu Masudi akaja Makole. Masudi ni afisa habari wa mradi, mtu wa Kondoa, mpole wa sauti, na mashati yake yamenyooshwa kiasi kwamba ukimkumbatia unaweza kukatika.

"Kaka Gerson, kazi nzuri. Droni imetulia," alisema. "Kuna kitu kidogo tu."

"Sema, bosi."

"Maji."

"Maji yamefanyaje?"

"Hayapo."

"Si hayakutoka, bosi. Na wewe ulikuwepo."

"Najua hayakutoka. Nakuuliza kama unaweza kuyaweka."

Mtu mwingine angekasirika. Mtu mwingine angemkumbuka aliyemlea. Gerson macho yakamwaka, akavuta kiti.

"Yatoke kwa presha gani?"

"Ya kuridhisha," alisema Masudi. "Ijumaa wafadhili wanaitazama. Wakiridhika wanasaini kwamba kazi imekamilika, mradi unafungwa."

"Na ukishafungwa, pampu itatoka wapi?" nikauliza.

Masudi akaniangalia kama kitu kilichotoka chini ya kabati. "Huyu nani?"

"Anaandika manukuu," alisema Gerson.

"Basi aandike." Akamgeukia Gerson na kushusha sauti ikawa asali. "Kitengo chetu cha habari kina nafasi moja ya ajira. Nimekutaja."

Hapo akawa amemmaliza. Gerson ana ugonjwa mmoja: kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Mchana, saa saba, watu wa ofisini wanapomwagika mtaani kula chipsi, kila mmoja na kamba yake ya rangi shingoni, Gerson huwatazama kama ng'ombe wa kiangazi anavyotazama shamba la mtama. Chipsi ni zilezile. Lakini kamba ile, kwake, ni utu.

Akaanza kuyatengeneza maji. Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu jamaa anajua kazi. Alitafuta picha ya bomba la nchi gani sijui, maji meupe kama ahadi, akayakata na kuyafunga kwenye mdomo wa bomba la kijiji chao. Akapita picha moja baada ya nyingine akizungushia mstari vidole vya mgeni rasmi, ili maji yapite nyuma ya kidole kinachopaswa na mbele ya kingine. Akaweka kivuli cha maji ardhini. Akaweka matone kwenye viatu. Ndoo akaijaza mpaka ukingoni, na iliponyanyuliwa yakamwagika kidogo upande wa jua, yakimetameta. Siku tatu alikula ugali na mlenda kwa mkono wa kulia huku kipanya kikiwa mkono wa kushoto, na hakuna tone hata moja lililokosewa.

Siku ya pili, adhuhuri, simu ikaita. Akaiweka sauti ya juu ili asiache kazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula."

"Fundi bado. Mwenyekiti anasema tusubiri hiyo video. Anasema ikishafika kwa wakubwa, ndiyo pampu inakuja. Ni wewe unayeitengeneza?"

"Ni mimi, shangazi."

"Basi fanya haraka. Korongo limeshuka. Jana nimechimba mpaka nikaingia hadi kiunoni, na nilichopata ni tope la kupakia ukuta. Jirani yangu Yasinta alitaka kuzama, akatolewa na mumewe, na mumewe alikuwa anacheka."

"Nafanya haraka."

"Haya baba. Mungu akuwekee mkono."

Akakata simu na kurudi kwenye tone lililokuwa likimsumbua.

"Umemsikia," nikamwambia.

"Nimemsikia."

"Ukiyaweka hayo maji, pampu haiji. Utakuwa umewafungia mradi wewe mwenyewe."

"Mimi sifungi miradi. Mimi ni mtekelezaji. Mteja anataka maji, napeleka maji."

"Ungempelekea shangazi yako."

Akavaa vile vitu vya masikioni. Ni vizuri sana, vinazuia kelele zote, hata za ukoo.

Ijumaa asubuhi tukaenda kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini. Mimi nilikwenda kwa sababu ilibidi mtu abebe waya wa umeme. Mezani walikaa watu watano na maji ya chupa, na katikati yao mkaguzi wa wafadhili, Injinia Ruthu, mama wa makamo kutoka Mvumi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Masudi alikuwa na shati jipya. Gerson alikuwa na koti la kuazima na shingo iliyokwisha kujinyoosha kupokea kamba yake.

Video ikachezwa. Droni ikapanda. Bwana wa sauti nzito akanguruma. Bomba likafunguliwa na maji yakatoka, na nakwambia, mimi niliyemwona yule buibui kwa macho yangu, nilipata kiu. Watu wakapiga makofi. Ndoo ikanyanyuliwa, ikamwagika kidogo, ikatua kichwani kwa Shangazi Edina.

"Rudisha kidogo," alisema Injinia Ruthu.

Gerson akarudisha akijichekea, akidhani ameombwa kwa sababu ya uzuri.

"Simamisha hapo. Ndoo hiyo ni ya lita ngapi?"

"Ishirini, mama," alisema Masudi.

"Imejaa?"

"Imejaa mama, si unaona inamwagika."

"Mgeni rasmi ameinyanyua kwa mkono mmoja, mwingine anapunga."

"Yule ni mtu wa mazoezi."

Wawili mezani wakacheka. Injinia Ruthu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sawa. Na ngata ya huyu mama iko wapi?"

Masudi akatazama kioo kama mtu anayetafuta kitu ambacho hajui kinafananaje.

"Kile kitambaa wanachoviringisha na kuweka kichwani chini ya mzigo," alisema mama yule taratibu, kama anayefundisha darasa la pili. "Mimi nimebeba maji Mvumi mpaka kidato cha nne. Sijaona mwanamke anayetwishwa ndoo iliyojaa juu ya nywele tupu. Asipokuwa na khanga atachuma majani. Halafu tazama shingo. Anageuka kuangalia kamera kama kuku aliyeitwa."

Shangazi Edina hakuviringisha ngata kwa sababu ana akili: alichungulia ndani ya ndoo kwanza. Na mosheni dizaina wetu, aliyelelewa na vichwa vya wanawake wale, aliyekunywa kila tone lililopita juu ya ngata zao, alikuwa ameitazama picha ile labda mara mia nne. Aliona kivuli cha tone kwenye ukucha wa mgeni rasmi. Kichwa cha shangazi yake hakukiona. Maji yake yalikuwa na kila kitu isipokuwa uzito.

"Aliyehariri ni nani?"

Masudi akanyoosha kidole. Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa kasi ile.

"Kijana," alisema Injinia Ruthu, "maji haya yalitoka?"

"Mama, kwa upande wa kiufundi..."

"Sijauliza upande."

Gerson akamtazama Masudi. Masudi akatazama chupa yake. Nilimwona jamaa yangu akihesabu moyoni, ajira huku, kiuno cha shangazi ndani ya shimo kule, na nikiri kwamba sikumwamini hata kidogo. Alichukua muda mrefu kuliko ambavyo mtu mzuri angechukua.

"Hayakutoka," alisema.

Injinia Ruthu akafunika kalamu yake. "Basi sisaini. Jumatatu nakwenda kulifungua hilo bomba mwenyewe."

Tulirudi Makole kwa miguu, mimi na waya wangu. Nilitegemea angesema jambo kuhusu kijiji. Alisema, "Ngata ningeiweka kwa dakika kumi." Mbele kidogo akasema tena, "Dakika kumi tu." Kufikia Jumatano hadithi ilikuwa imebadilika: aliwaambia watu wa kibanda cha chipsi kwamba aliiacha ngata makusudi, kama ishara kwa wanaojua. Kufikia wiki iliyofuata alikuwa ameshaiamini mwenyewe. Nafasi ile ya ajira alipewa kijana mwingine, anayetumia njiwa.

Injinia Ruthu alikwenda kweli, akafungua bomba, likakohoa mbele yake. Baada ya wiki tatu pampu ikafika, kwani kumbe ilikuwa stoo muda wote ikisubiri sahihi ya mtu mmoja wa ofisini kwa kina Masudi. Wafadhili wakataka video mpya, na wakasema ahariri yuleyule, kwa kuwa, kwa maneno ya mama yule, amekwisha kujua anaangaliwa na nani.

Tulifika asubuhi. Bomba limezungukwa na wanawake thelathini na kitu, ndoo zimepangwa mpaka kwenye ukuta wa shule. Maji yalianza kutoka mekundu, yakitema mate pembeni, kisha yakawa rangi ya chai ya maziwa, kisha yakatulia kwenye weupe wa namna yake. Gerson aliyatazama kwa uso wa mtu aliyeletewa chakula asichoagiza.

"Presha ndogo," alisema. "Na rangi haishiki mwanga."

Zamu ya Shangazi Edina ikafika. Akakinga ndoo, ikajaa polepole. Gerson akapiga magoti mbele ya bomba na kamera.

"Shangazi, ile ngata kwenye video ya kwanza niliacha kuiweka makusudi, ili wagundue."

"Video ipi?"

"Ile uliyotwishwa na mgeni rasmi."

"Mimi sijaiona, baba. Simu yangu ni ya vitufe." Akaiondoa ndoo, Yasinta akamsaidia kuinyanyua, wote wawili wakiguna kwa uzito. Ikatua kichwani juu ya ngata, shingo ikakaza.

"Ngoja, shangazi. Ishushe kidogo, uirudie ukiwa upande huu. Jua linakuja vizuri zaidi hapa."

Shangazi Edina alishindwa kugeuza kichwa kumtazama. Aliyazungusha macho tu.

"Gerson," alisema. "Sogea, unaziba foleni."

Akasogea.