Nilitaja Jina ya Bwana Yangu Akiwa Muzima

Admin, tafazali ficha jina yangu na ya batoto, juu Likasi ni kidogo na midomo ni mingi.

Minye ni mama ya myaka makumi sita na tatu, tunaishi hapa Panda, mutaa moja ya Likasi. Bwana yangu, tumuite Baba Kabwe, na Kabwe ni jina ya kuficha ya mutoto wetu wa kwanza, alitumika mu atelier ya migodi, kutengeneza mashini, mpaka pensheni. Siku alipotoka ku kazi aliniambia: "Mama Kabwe, vumbi nimekula ya kutosha. Sasa tutembee."

Na kweli tukatembea! Kila samedi, mwisho ya juma, tunapanda ile motoka yake ya zamani, tunashika njia ya Kapolowe, minye na mihogo yangu na karanga ku magoti. Kipindi mvua iko karibu kuanza, majani ya pori inageuka nyekundu, na yeye hawezi kupita bila kusimama. "Shuka, Mama. Simama pale. Cheka!" Anapiga foto na telefone. Mu foto yote nimefunga jicho moja, juu ya jua, na yeye anasema njo vile ananipenda.

Kisha tunafungua milango ya motoka, ananisomea. Anapenda vitabu ya basoda ba zamani, bale balioandika vita yao benyewe. Anavinunua kwa bale banaouza vitabu chini, ku barabara. Yeye mwenyewe hakushika bunduki hata siku moja. Hata kuku ya hapa nyumbani, minye njo nachinja.

Mwaka jana akaanza kupotea. Tuko njiani, ananionyesha mulima: "Pale tulilala bila maji, bakatupiga mpaka asubuhi." Nikacheka: "Weye? Weye ulilala mu atelier!" Hakucheka. Aliniangalia sawa muntu asiyenijua. Docteur akasema ni ugonjwa ya kichwa ya bazee, haina dawa ya kuiondoa, nisimubishie.

Sasa musikie jamaa ya bwana balichonitendea, halafu muniambie kama minye njo mubaya.

Kwetu mwanamuke hataji bwana yake jina. Tangu nilipozaa, ni Baba Kabwe. Mbele ya pale nilikuwa namuita "weye" tu. Siku ya kutaja jina yake ni moja: akiwa ndani ya sanduku, na weye uko chini unalia. Mama yangu alinifundisha vile, na minye nimefundisha binti yangu.

Samedi iliyopita, minye njo naendesha motoka tangu ugonjwa, tulibeba mulamu yangu, dada ya bwana, alikuwa anaenda kuona shamba yake Kapolowe. Tukasimama kwa foto. Bwana yangu akashuka, akainama, akaanza kukimbia chini-chini kuelekea barabara. "Mulale chini! Banapiga!" Na camion ya mawe iko inakuja, imejaa, haiwezi kusimama.

Nikaita: "Baba Kabwe!" Hakugeuka. Kule alikokuwa, mu vita yake, Kabwe hajazaliwa. Nikaita tena mpaka koo ikauma. Dada yake naye alikuwa analia tu, "Yaya! Yaya!", vile mudogo anaita kaka yake mukubwa. Hapo minye nikafungua kinywa, nikaita jina yake, ile mama yake alimupa.

Akasimama palepale. Camion ikapita mbele yake, vumbi ikatufunika bote.

Akanikaribia. "Mama, unajua jina yangu? Basi weye si adui. Nisaidie nifike Panda, bibi yangu ananingoja, hawezi kula kama sijarudi." Akatoa telefone, akanionyesha foto. "Huyu njo yeye. Mwenye kufunga jicho moja."

Ndugu zangu, nililia pale barabarani sawa mutoto.

Mulamu yangu akasahau camion. Aliona kinywa yangu tu. "Yo! Umelia bwana yako akiwa muzima! Umemuita kifo!" Tulipofika nyumbani akaita jamaa yote. Bakakaa, bakasema ni roho ya basoda bafu imetoka mu vitabu ikamuingia, na minye nimeifungulia mulango. Vitabu bitachomwa. Dimanche hii, siku ya Mungu, banamupeleka kwa dada yake, ku chumba ya maombi, na minye nisikanyage kule. Batoto nao! Kabwe aliniambia na telefone: "Mama, nakupenda, lakini juu ya nini ulitaja?"

Juu ya nini? Nilitakiwa kunyamaza, camion imubebe, kisha nitaje jina yake vizuri ku kilio, na bote museme bibi huyu ana heshima?

Minye pia naomba, naamini Mungu. Lakini tangu samedi ile, bwana yangu anaitika jina yake tu. Ukimuita "Baba", anapita, anaelekea barabara. Kule kwa dada yake hakuna mwingine wa kumuita ile jina, na dada mwenyewe ni mudogo yake, hatathubutu kuitaja. Atatoka mulango wazi siku moja, na hakuna atakayemusimamisha.

Nikifunga mulango yangu nikatae, batoto banasema hawatakanyaga hapa tena, nitakuwa mwanamuke aliyeua bwana yake na ulimi. Nikimuachilia, najua nitamuzika. Sina nguvu, sina muntu wa upande wangu, hata usingizi imenikimbia.

Nishaurini, mama zangu na dada zangu. Nimuachilie, ama niendelee kumuita? Sasa hivi ninavyoandika, yuko mu motoka, funguo bamekwisha kuichukua, kitabu iko ku magoti. Ananingoja nimupeleke kwa bibi yake.