Maji ya Redieta

Injini ilipokufa mara ya pili, baba hakushuka garini. Alizima swichi, akavuta breki ya mkono, akabaki ameshika usukani huku akitazama mbele. Moshi mweupe ulitoka chini ya boneti ukafunika kioo. Nyuma yetu maji matamu yaliendelea kuyumba ndani ya mapipa kwa muda, kisha yakatulia.

"Labda ni mpira wa redieta tu," nikasema.

"Labda," akasema baba.

Alikuwa ameendesha malori ya watu kwenye barabara ya Mombasa tangu kabla sijazaliwa. Nilijua, kwa namna alivyolitamka neno hilo, kwamba haukuwa mpira wa redieta.

Tulikuwa tumebakiza kilima kimoja tufike nyumbani, upande wa Ikutha. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, na mvua ilikuwa imetukataa misimu miwili mfululizo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya uchumi na sina kazi, na kila nilipoketi kimya niliogopa kitu fulani. Siku ile kitu chenyewe kilikuwa mgongo wa mama.

Mama alikuwa amebeba maji maisha yake yote kama wanawake wa kwetu wanavyobeba: mtungi mgongoni, kamba ya ngozi ikipita kwenye paji la uso. Kisima kilikuwa mtoni, kimechimbwa ndani ya mchanga mkavu, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu. Asubuhi moja alishindwa kuinuka kitandani. Kliniki wakamwambia asibebe tena kitu kizito, na wakamwambia kwa ukali, kana kwamba alikuwa akibeba kwa kupenda. Ndiyo sababu baba, alipostaafu, alinunua ile pikapu kuukuu ya buluu. Akawa anavuka nayo mto Athi kwenda kuchota maji ya bomba upande wa Kambu, na mama akakunja kamba yake akaitundika jikoni.

Injini ilipokufa mara ya kwanza, punda wetu, walionunuliwa pamoja na gari, waliuzwa ili itengenezwe. Fundi wa Kambu alikaa nayo kiangazi kizima. Ilipotoka ilikuwa na pistoni mpya, ringi mpya na beringi mpya, ikinguruma taratibu kama cherehani. Jumapili iliyofuata mchungaji wetu aliiwekea boneti mikono, akakemea ajali, pancha na kila roho ya kuchakaa. Majirani waliitikia amina kwa nguvu, maana maji yao pia yalikuwa yakija na gari hilo. Haikufika hata mavuno ya ndengu.

Majirani walitusaidia kulisukuma gari hadi nyumbani, na fundi akaja siku ya pili, amepanda lori la mbuzi. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akatuonyesha. Mafuta yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani.

"Mzee, hii imeenda."

"Imeenda wapi na iko hapa?" mama akamwuliza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichagua mawe kwenye mahindi.

"Mama, imeenda mbinguni. Hapa imebaki mwili tu."

Mama alicheka. Baba hakucheka. Fundi alifungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akaiweka juu ya gunia, akaanza kukwangua kwa bisibisi zile njia ndogo ambamo maji hupita. Uliporomoka ukoko mweupe, kama ule wa sufuria ya kuchemshia maji. Akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi. Hii gari mnainywesha maji gani?"

"Ya shule," akasema baba. "Kila asubuhi kabla ya safari."

Kisima cha pampu cha shule kilikuwa karibu nasi, nacho hakikukauka kamwe. Lakini maji yake yalikuwa ya chumvi hata ng'ombe waliyanusa kwanza kabla ya kuamua.

"Lakini mzee, wewe ni dereva wa zamani. Si unajua chumvi inakula chuma?"

"Najua."

Fundi alinitazama mimi, kana kwamba shahada yangu ingeeleza. Nilisubiri hadi alipokwenda kunawa mikono, ndipo nikamwuliza baba, "Kama ulijua, kwa nini uliendelea kumwaga yale ya shule?"

"Tukirudi na mapipa, unakuta nini hapa kwa lango?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Kina mama. Na mitungi."

"Haya. Chukua debe la maji matamu, ufungue boneti mbele yao, ukimwagie chuma, waone. Halafu kuja uniambie ulikuwa unaangalia wapi."

Kwetu mtu hanyimwi maji. Unaweza kumnyima mtu shamba, hata binti yako, na mkaendelea kusalimiana kanisani, lakini aliyenyimwa maji huwasimulia hata wajukuu wake.

Fundi alirudi na mapendekezo mawili. Kambu kulikuwa na injini nzima iliyotolewa kwenye gari lililobingirika barabarani. Angeileta na kuifunga kwa bei ya madume yetu mawili ya kulimia. Au angelichukua gari lote kama spea. Angerudi siku ya soko kusikia neno letu.

Alipokwisha kuondoka baba aliniita. "Amua wewe. Mimi niliamua kununua, nikaamua kutengeneza. Umeona matokeo."

"Baba, mimi sijui magari."

"Hata hilo si swali la magari. Si ulisomea uchumi?"

Hakuwa akinidhihaki. Ningefurahi kama angekuwa ananidhihaki.

Nilianza kufikiri, na nikifikiri huwa sifiki mahali. Tukiuza madume, tutakuwa na gari, na mama hatabeba. Lakini mvua ikija tutalima na nini? Hata hivyo mvua ikija, matangi yatajaa, na gari halitahitajika sana, kwa hiyo madume ndiyo yenye faida. Ila mvua isipokuja, madume yatakufa kwa njaa kabla ya mwaka kuisha, kwa hiyo ni afadhali kuyauza sasa yakiwa na nyama. Lakini isipokuja mvua, petroli itanunuliwa na nini? Na injini mpya itakunywa maji gani? Nilipata uamuzi kila asubuhi kabla ya chai, na kila asubuhi niliupoteza kabla kikombe hakijaisha. Mchana nilikwenda kulitazama gari. Nililizunguka, nikapiga teke matairi kidogo kama nilivyoona wanaume wengine wakifanya, nikarudi kivulini.

Niliwaza pia kwenda kuchota mwenyewe kwa wilbaro. Nilijaribu. Nikirudi, tairi ilizama mchangani kabla sijatoka mtoni, na nilipoikwamua nusu ya mitungi ilikuwa imemwagika. Punda wengi walikuwa wamekufa kiangazi kile, na aliyebakiwa na punda hakutaka hata kuulizwa bei.

Mkesha wa siku ya soko, baada ya chakula cha mchana, niliona nimepata njia. Nilikwenda mbio kuwaeleza, baba akiwa amejilaza mkekani na mama kwenye kigoda chake.

"Tuuze madume, tufunge injini. Lakini kila safari mtungi mmoja wa maji matamu utakuwa wa redieta peke yake. Tutaufungia stoo kwa kufuli. Hakuna atakayeuona, kwa hiyo hakuna atakayeuomba."

Baba aliinuka akaegemea kiwiko. Niliona uso wake ukifunguka, na hilo lilinitisha.

"Funguo atashika nani?"

"Mimi."

Mama hakuacha kuchagua mahindi. "Na yule jirani wa mapacha akija, na mapipa yameisha?"

"Nitamwambia yameisha."

"Ukiwa na funguo mfukoni?"

"Mwaitu, mama yangu, nitakuwa nalinda mgongo wako."

"Mgongo wangu naujua, usinifiche nyuma yake. Nimekuuliza wewe. Amesimama hapo, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Utamwambia nini?"

Nilitaka kusema kwamba ningemweleza, kwamba mtungi mmoja wa redieta ulileta mapipa kadhaa ya watu wote, pamoja naye, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi, bado ni sahihi hata leo. Nilimwona yule jirani akinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha nikaiona mikono yangu ikitafuta funguo.

Baba alikuwa ananitazama. Alihitaji nidanganye kidogo tu.

"Sitaweza," nikasema.

"Hata yeye hakuweza," mama akasema, akimwelekezea baba kidevu. "Na mimi siwezi. Sasa mnataka kununua injini ya tatu tuizike wapi? Mwambieni huyo fundi aje na kamba alichukue gari."

Baba alilala tena, akageukia ukutani. Hakuna aliyesema tumeamua. Nilingoja mmoja wao abadilishe neno, na nadhani wao walikuwa wakingoja mimi.

Fundi alikuja na lori na mnyororo. Gari linalovutwa lazima mtu alishikie usukani, na baba hakukubali mtu mwingine ashike. Alivaa koti lake la zamani la udereva, akaingia, akarekebisha kioo cha kutazamia nyuma.

"Mzee, leo hutasikia injini ikinoki wala kugonga!" fundi alimpigia kelele kutoka kwenye lori.

"Endesha polepole," baba akamjibu. "Hiyo breki inavuta kushoto."

Kesho yake mama alitwaa kamba yake jikoni. Nilimfuata hadi mtoni, nimebeba mtungi mmoja kila mkono, na wanawake waliokuwa kwenye foleni walifurahi sana kuniona.

"Profesa! Hata chuo kikuu wanafundisha kuchota?"

"Mwacheni, anafanya mtihani. Akimwaga amefeli."

Mama alicheka pamoja nao. Zamu yake ilipofika alishuka kisimani akachota kwa kibuyu, taratibu, akiacha mchanga utulie kila mara. Mtungi wake ulipojaa nilisema niubebe mimi. Akanitazama mikono, yote miwili imeshajaa, wala sijui kubeba kwa kamba.

"Utabeba na meno?"

Aliketi mchangani, akauegemeza mgongo wake kwenye mtungi, akaiweka kamba kwenye paji la uso na kuikaza. Akainama mbele. Mtungi haukunyanyuka.

"Weka yako chini," akasema. "Shika hapo nyuma, uniinulie."

Niliweka yangu chini, nikashika mtungi kwa chini, nikauinua nikaukalisha juu ya mgongo ule. Alitoa pumzi, akaweka mkono gotini, akasimama.